Kodi ya Wadenmark na Ndugu Yangu Bi. Rukia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na kule nyuma karibu na mlango, nako asifiwe! Sikuwasikia vizuri. Haya, sasa nimewasikia.

Mimi naitwa Dorkasi, mke wa Mwakio wa reli. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Mnanijua kama Mama Eliya wa vikapu. Nimesimama hapa kumshukuru Mungu kwa sababu aliniokoa na hofu. Si hofu ya wachawi wala ya majini, hizo wenzangu wameshazitolea ushuhuda na Mungu awabariki. Mimi Bwana aliniokoa na hofu ya ofisi ya kodi. Naona mnacheka! Chekeni, lakini mwenye bahasha ya serikali nyumbani asicheke sana.

Ndugu zangu, mimi nilizaliwa Taita, milimani, enzi za kodi ya nyumba. Kila kibanda kilikuwa kinalipiwa, hata cha ajuza asiyeweza kutembea. Asubuhi moja askari walikuja nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, mtu akisimama kuomba hata watoto tunanyamaza. Walimfunga mikono kwa kamba, wakamfungamanisha na jirani yetu, wakashuka nao mlima, kwa sababu hakuwa na shilingi za kulipia kibanda cha bibi yangu. Hakuiba! Hakumpiga mtu! Mama alikimbia nyuma yao na chakula alichokifunga katika kitambaa, nao wakamrudisha. Baba alirudi baadaye, lakini kule kusimama kwake kanisani hakukurudi tena. Alikuwa akikaa kiti cha nyuma, karibu na ukuta, na hakuomba kwa sauti mpaka alipokufa.

Basi tangu siku ile, mtu akitaja neno kodi tumbo langu linageuka. Uhuru ulikuja, bendera ikapandishwa, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na tumbo langu halikujua kwamba serikali sasa ni yetu! Nikiona ofisi yenye askari mlangoni, navuka barabara. Karani wa manispaa akija kuangalia leseni, mimi naingia msalani na kumwachia Bi. Rukia aseme naye. Bi. Rukia alikuwa akiwaambia, "Mwenzangu ana tumbo." Na haukuwa uongo.

Sasa niwaeleze Bi. Rukia ni nani, maana ushuhuda huu bila yeye hausimami.

Mume wangu alipohamishiwa Mombasa, nyumba za reli zilikuwa zimejaa. Tukapanga chumba Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ya mawe ya baba yake Bi. Rukia. Mtaa mzima Wakristo tulikuwa sisi peke yetu. Nilikuwa mja mzito wa Eliya. Nilijifungua salama, halafu homa ya uzazi ikanishika, nikachukuliwa hospitali sijijui sijitambui. Mwakio ni gadi wa treni, na wakati huo alikuwa safarini, Kampala huko. Mtoto akabaki chumbani analia.

Bi. Rukia alikuwa na mtoto wake mchanga, Zuhura. Hakuuliza mtu. Hakusema huyu ni mtoto wa Mkristo, hakusema nimngoje baba yake. Alimpakata Eliya ziwa hili na Zuhura ziwa lile. Nilipotoka hospitali nimebaki mifupa, nilimkuta mwanangu amenona kuliko nilivyomwacha, mashavu hivi! Nikalia. Bi. Rukia akaniambia, "Usilie, Mama Eliya. Ila ujuwe, huyu sasa ni mwanangu. Kwetu siswi maziwa si mtezo. Eliya na Zuhura ni ndugu, hawaoani maisha."

Nikamuuliza, "Na kama wao ni ndugu, mimi na wewe je?"

Akacheka. "Siswi tu ndugu, wataka n'ni tena?"

Kazi yetu ilianza hapo. Yeye alikuwa anasuka ukili wa mikeka, rangi zake safi, mistari yake imenyooka. Mimi nilitoka kwetu na ufundi wa vikapu vya mkonge. Siku moja alichukua kikapu changu, akakishonea ukingo wa ukili mwekundu na kifuniko kama kawa, akakiweka barazani. Kilinunuliwa kabla ya adhuhuri. Tukasuka kingine. Baadaye tukawaita wanawake wengine, wajane na wake za mabaharia, wa Mji wa Kale na wa Bondeni, tukawa tunakaa ukumbini kwa Bi. Rukia tunasuka na kusengenya. Ndiyo, na kusengenya, kwa nini niwadanganye mbele ya madhabahu? Mwakio akatuchongea kibao cha mlangoni: NDUGU WAWILI, VIKAPU NA MIKEKA. Na leseni ya manispaa ikatoka kwa jina hilo.

Akatokea Mzungu mmoja, fundi wa mashine melini, mtu wa Denmark. Meli yao ilikuwa ikitia nanga Kilindini, na kila akija alinunua vikapu vya kumpelekea mkewe. Alipostaafu aliandika barua: nileteeni mzigo mkubwa, nitawauzia huku kwetu, mali ibaki yenu mpaka inunuliwe, nami nichukue fungu langu. Tulifurahi mno. Tulisuka mpaka vidole vikachubuka. Wanawake wetu wote waliweka kazi zao ndani ya mzigo ule na wakaacha kuuza barazani, maana tuliwaambia wangoje huu mkubwa. Mzigo ukapakiwa ukaenda.

Lakini Wadenmark, ndugu zangu, walikuwa wameanzisha kodi mpya. Ni kodi ya kila mauzo, kila bidhaa inapopita mkono inalipiwa ile thamani iliyoongezeka. Wenyewe wanaiita momsi. Bi. Rukia aliposikia aliuliza, "Momsi ni nani, ni mke wake?" Yule fundi akatueleza kwamba, kwa kuwa mali ni yetu na si yake, waliotakiwa kuandikishwa katika ofisi ya kodi ya kwao ni sisi. Bila namba ya kuandikishwa, mzigo hautoki bohari ya forodha. Na vikapu, mnajua vikapu. Vikikaa penye unyevu vinaota kuvu.

Nilijaza maombi kwa mkono wa ndugu yetu Japheti, karani wa ofisi moja ya kupakia mizigo bandarini, mwenye taipu na Kiingereza chake. Yupo hapa leo, ameinamisha kichwa, inua kichwa Japheti, sikusemi vibaya. Alituandikia vizuri sana. Ila Kiingereza hakina ndugu. Kina ndugu wa kiume na ndugu wa kike, mbalimbali. Japheti akaandika kwamba biashara ni ya ndugu wawili wa kiume. Mimi na Bi. Rukia! Tukatia saini zetu za kike chini yake, tukaipeleka posta, tukaenda kunywa chai.

Jibu likaja. Haikuwa namba. Yalikuwa maswali.

Japheti alitusomea ukumbini huku anafuta jasho. Hao ndugu wawili wa kiume ni akina nani, na wako wapi? Kwa nini maombi yametiwa saini na wanawake? Kama ndugu ni Dorkasi binti Mwashumbe na Rukia binti Athmani, mbona baba zao si mmoja, na mama zao si mmoja? Huyu Mama Eliya anayetajwa katika hati za mzigo ni mwenye biashara wa tatu? Mali inatengenezwa nyumba namba ngapi, mtaa gani? Maana Japheti alikuwa ameandika kwamba ni nyumba ya mawe nyuma ya msikiti. Mji wa Kale! Nani kule asiyekaa nyuma ya msikiti? Na mwisho wakatupa muda wa kujibu. Ukipita, maombi yatatupwa, na mzigo utapigwa mnada kwao huko.

Bi. Rukia alisema, "Hawa Wadeni mbona wana maneno mengi?" Alikuwa akiwaita Wadeni, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Mimi, ndugu zangu, nilikwisha. Sikula. Nilikuwa nikifumba macho naona kamba. Niliona askari wanapanda ngazi zetu kunichukua mbele ya Eliya. Mume wangu alinifariji, akasema, "Mama Eliya, hao wako Ulaya. Watatuma askari kwa meli?" Nikamjibu, "Huwajui watu wa kodi." Alicheka yeye peke yake. Na nilikuwa nikiwatazama wale wanawake ukumbini, jinsi walivyokuwa wakiniuliza kila asubuhi, vipi mzigo, Mama Eliya, nami nasema uko njiani. Kama mzigo ungepotea, wangekuwa wamesuka bure, na wengine wao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwaletea unga.

Kisha Japheti akaja nyumbani na dawa. Alikuwa ameshaipiga taipu, safi, ukurasa mmoja, Kiingereza juu na Kiswahili chini. Ilisema hivi: mwenye biashara ni Dorkasi peke yake. Ndugu Wawili ni jina la duka tu. Rukia binti Athmani ni mfanyakazi wa kulipwa. Akaniambia, "Dada Dorkasi, wewe una cheti cha ubatizo, una jina moja, una baba mmoja. Ukiwa peke yako maswali yote yanakufa. Undugu ndio unaowatatiza, basi tuutoe. Tia saini hapa."

Maskini Japheti, alitaka kunisaidia. Na mimi, nisiwafiche, kifua changu kilifunguka nilipousikia mpango ule. Nikautia ule ukurasa kikapuni nikashika njia, kutoka Bondeni, ambako mimi na Mwakio tulikuwa tumeshahamia, nikapita Makadara, mpaka kwa Bi. Rukia. Nilitaka ajue kabla sijatia saini, hilo tu. Kalamu nilikuwa nayo.

Nilimkuta anakata ukindu wa kusukia. Nikamsomea, maana yeye husoma herufi za Kiarabu, hizi zetu hasomi. Nilipofika pale kwenye mfanyakazi wa kulipwa, nilisoma haraka haraka. Akakata ukindu mwingine, na mwingine. Halafu akasema, "Tia saini, Mama Eliya."

"Bi. Rukia..."

"Tia saini nakwambia. Wana wa watu wangoja haki yao. Mimi n'tasuka vile vile, jina halisuki. Kama mimi ndiye nizuwiaye ndia, niondoe, mzigo upite."

Alisema hivyo bila kuniangalia. Adhana ya adhuhuri ikalia, akanyanyuka, akaingia ndani kutia udhu. Wale wanawake wengine nao wakaondoka kwenda kuswali. Nikabaki mimi ukumbini, na ukurasa, na kalamu.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Nikaangalia lile neno, mfanyakazi. Nikafikiri: nikitia saini, kule Ulaya katika kabati la chuma la ofisi ya watu itaandikwa kwamba huyu mwanamke nilimwajiri. Aliyemtia mwanangu ziwani mimi nikiwa sijitambui! Na ameniruhusu mwenyewe, tena kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikapiga magoti pale pale juu ya mkeka wake. Nikasema, "Bwana, naogopa. Wewe wajua ninachoogopa tangu nilipokuwa mtoto. Sina nguvu. Nipe hata ya kushika kalamu."

Sikusikia sauti, wala sikuona nuru. Nataka niwe mkweli, maana kuna wanaotaka ushuhuda uwe na nuru. Ila nilimkumbuka baba yangu akishuka mlima. Nilikuwa nimemkumbuka siku zote, lakini safari hii Bwana alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona. Wale askari hawakumuuliza baba swali! Hata moja! Hawakumuuliza kibanda ni cha nani, hawakumuuliza una nini, umeshindwa kwa nini. Walimfunga tu. Angeulizwa angejibu, alikuwa mtu wa kujibu. Na mimi hawa watu wa mbali, wasionijua, wameniuliza. Wameniuliza kwa adabu, wameyapanga maswali kwa namba, wamenipa na muda. Barua ile nilikuwa naiona kamba, kumbe ilikuwa mtu ananiambia, eleza, nakusikiliza.

Haleluya! Ile hofu ilinitoka, ndugu zangu, ilinitoka! Tumbo likatulia. Mtu mzima mimi, nikacheka peke yangu ukumbini mwa watu. Nikaukunja ule ukurasa wa Japheti, nikaukata vipande kwa kisu cha ukindu.

Bi. Rukia alipotoka kuswali akaona vipande. "Hivi n'nini?"

Nikamwambia, "Tunajibu. Moja moja. Kwa kweli."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, wamewakataa wawili."

Akaketi, akasema, "Haya, mwite huyo Japheti wako, na aje na karatasi nyingi."

Hivi ndivyo tulivyojibu, na nasema haya ili mwenye masikio ajifunze. Kila swali tulilitia namba yake ile ile, na jibu chini yake, wala hatukuongeza hadithi pasipoulizwa. Ndugu wawili si wanaume, ni sisi; karani wetu alikosea kwa sababu lugha yetu haitengi ndugu wa kiume na wa kike. Mama Eliya ni mimi mwenyewe, kwa kuwa huku kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe, na kumwita jina lake kavu ni utovu wa adabu. Nyumba haina namba, na tukachora njia, kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni, na msikiti tukauweka. Ushahidi wa mimi ni nani, cheti cha ubatizo. Ushahidi wa Bi. Rukia ni nani, hati yake ya ndoa kutoka kwa kadhi. Leseni ya manispaa. Na picha, tumekaa chini ya kibao chetu, mimi na kitambaa changu kichwani, yeye na buibui lake, tumekodoa macho kama watu waliokamatwa.

Likabaki swali la baba wawili na mama wawili. Japheti alisema tuandike kwamba ni marafiki. Nikamwambia hapana, wameuliza undugu, tuwape undugu. Nikamtamkia: sisi hatukuzaliwa tumbo moja. Mwenzangu alimnyonyesha mwanangu nilipokuwa hospitali, na kwa dini yake mtoto aliyemnyonyesha ni wake. Mwana wetu ni mmoja, kwa hiyo sisi tunaitana ndugu, na mtaa wote unatuita hivyo.

Japheti aliondoa mikono kwenye taipu. "Dada Dorkasi! Mambo ya maziwa katika barua ya kodi? Mbele ya Wazungu?"

Bi. Rukia akamwambia, "Weye hukunyonya? Piga!"

Akapiga. Aliona haya, lakini alipiga, na hakuacha herufi. Barua ikaenda, na nilikwenda posta mimi mwenyewe, nikapita mbele ya askari wa mlangoni, nikamwamkia. Akaniitikia! Kumbe ni mtu tu.

Tukangoja. Niliomba kila siku, na nililala usingizi, jambo ambalo mume wangu anaweza kulishuhudia. Jibu likaja. Japheti akalifungua, akasoma kimya, akasoma tena, na wanawake wote wameacha kusuka. Ofisi ilishukuru kwa maelezo. Uhusiano wa wenye biashara wameuelewa. Limebaki swali moja tu: iwapo mmoja wa hawa ndugu atashindwa kulipa kodi iliyompasa, nani atajibu kwa ajili yake?

Bi. Rukia akashangaa. "Hilo ndilo walokuwa wakilizunguka siku zote? Si wangesema mapema! Andika: akishindwa yeye, najibu mimi. Nikishindwa mimi, ajibu yeye."

Japheti, na hapa nampongeza, alimuonya vizuri. Alimwambia, "Bi. Rukia, hayo si maneno matupu. Wakidai, wanadai kwako. Nyumba ya baba yako hii."

Akamjibu, "Bwana Japheti, nimempa mwanawe ziwa langu. Leo n'mnyime jina langu?"

Ndugu zangu, nilitoka nje. Nilisimama kichochoroni, uso wangu ukutani, nikalia mpaka muuza kahawa akaniuliza nimefiwa na nani. Maana nilielewa! Nimeimba nyimbo za Mwokozi tangu utoto, nimebatizwa, nimekiri, na bado sikuwa nimeelewa mpaka siku ile. Deni langu lilisomwa, ikaulizwa nani atajibu kwa ajili ya huyu, na Yesu akasema, andika jina langu. Wala hakuulizwa mara ya pili! Na mimi ndiye niliyepita Makadara na kalamu kikapuni kumfuta mtu ili niwe salama peke yangu. Asifiwe Bwana aliyeushika mkono wangu!

Namba ilitoka. Mzigo ulifunguliwa, ingawa Krismasi yao ilikuwa imeshapita, na vikapu vya chini vilikuwa vimeota kuvu vikatupwa. Vingine viliuzwa polepole mpaka Pasaka, kodi tukailipa, na kila mwanamke akapata haki yake. Tumepeleka mizigo mingine tangu hapo. Barua za Denmark sasa huzifungua mimi mwenyewe, kwa kisu, nikiwa nimesimama. Na karani wa manispaa akija namkaribisha chai, namuuliza watoto wake hawajambo.

Nimebakisha neno moja, halafu nakaa.

Juma hili mzee mmoja wetu, ninayemheshimu kama baba, alinijia nyumbani. Alisema, "Mama Eliya, ushuhuda wako ni mzuri, utoe. Ila pale unaposema ndugu yangu Bi. Rukia, sema jirani. Neno ndugu ni letu sisi, tuliooshwa. Yule si mwenzetu." Nilimwitikia kwa heshima, nikasema nitaliombea. Nimeliombea, mzee wangu.

Ofisi ya kodi ya nchi ya mbali, watu wasiojua Kiswahili hata neno moja, waliniuliza huyu ni ndugu yako kwa njia gani, nami niliwajibu kwa saini yangu. Naye alijibu kwa yake, na nyumba ya baba yake juu. Siwezi kumwandika ndugu kule halafu nimfute hapa, mbele ya Mungu aliyenitoa hofu ndani ya nyumba ya Bi. Rukia, juu ya mkeka wake. Nampenda, na namwombea kila siku ili Bwana ninayemjua mimi amjue na yeye, na najua yeye naye ananiombea kwa njia yake. Lakini ni ndugu yangu.

Basi wewe uliyekaa hapo na hofu yako, iwe ya ofisi, iwe ya mwenye nyumba, iwe ya daktari, mtumaini Bwana. Ukiulizwa, jibu kwa kweli. Ukiona njia ya kupita ni kumwacha mwenzako nyuma, simama, piga magoti, ungoje mkono wako utulie. Mwenye barua asiyoielewa aje nayo baada ya ibada, mimi na Japheti tutakaa pale kwenye ngazi, tutaisoma swali kwa swali.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, nawashukuru ninyi mlionisikiliza. Na namshukuru ndugu yangu, Bi. Rukia binti Athmani, ambaye hivi ninavyosema amekaa nje chini ya dirisha hilo pamoja na Zuhura, kwa sababu nilimwambia leo nitamtaja, naye akasema hawezi kuniacha nije kusimama mbele ya watu peke yangu. Bwana asifiwe sana!